Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kanuni za Serikali na Uchambuzi wa Hatari kwa Wanaojitengenezea Ndege Ndogo Lubumbashi

Ukurasa huu unamhusu nani?

Umeandikwa kwa ajili ya watu wa Lubumbashi na miji jirani ya Katanga wanaobuni, au wanaotamani kubuni, ndege ndogo ya kiti kimoja au viwili kwa mikono yao wenyewe: wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), mafundi wa kuchomea na kukereza vyuma walioiva katika karakana za migodi, na maseremala wa mitaa ya Katuba na Kenya ambao wakionyeshwa mchoro hawashindwi kuujenga. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila watu hao wanapokutana, na karibu yote yanazunguka jambo moja: je, ndege huwa salama kwa sababu serikali imeikubali, au kwa sababu aliyeibuni amefikiri sawasawa ni wapi itavunjika?

Kufuata kanuni na kuchambua hatari si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa mara nyingi vinakutana. Kanuni ni jibu lililokwisha kuandikwa kwa swali ambalo watu wengine waliliuliza zamani, aghalabu baada ya wenzao kufa. Uchambuzi wa hatari ni kuliuliza swali hilo upya juu ya ndege yako: kipande gani kinaweza kushindwa, kitashindwa kwa namna gani, rubani atajuaje, atabaki na sekunde ngapi za kufanya kitu, na ni nani ataumia.

Chukua mfumo wa kuwasha injini. Kanuni za Marekani zinadai injini ya ndege iliyoidhinishwa iwe na buji mbili katika kila silinda na saketi mbili za umeme zenye vyanzo tofauti vya nguvu, au mfumo mwingine wenye uimara sawa. Anayefuata kanuni ataweka saketi mbili na kuridhika. Anayechambua hatari atafuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake, na pengine atagundua kwamba saketi zote mbili zinapita kwenye kiungo kimoja kilichofungwa karibu na bomba la moshi. Hapo kwenye karatasi kuna mifumo miwili, lakini joto la bomba linaona mmoja tu.

Wenye kutunga kanuni wenyewe wameutambua upungufu huu. Mwaka 2017 Marekani iliandika upya kanuni zake za ndege ndogo, zinazojulikana kama Part 23: badala ya kueleza kila kifaa kiwe cha namna gani, sasa zinaeleza matokeo yanayotakiwa na kumwachia mbunifu aonyeshe njia yake ya kuyafikia. Mabadiliko hayo yanamwongezea mbunifu kazi ya kufikiri, kwa hiyo anayeshangilia kwamba kanuni zimelegezwa hajazisoma.

Sheria ya nchi yetu inasemaje?

Usafiri wa anga nchini Kongo unaongozwa na Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010. Usimamizi wa kiufundi ni wa mamlaka ya usafiri wa anga wa kiraia, yaani AAC, na viwanja pamoja na uongozaji wa ndege ni kazi ya RVA, shirika la serikali la njia za anga. Ndege inatakiwa iwe na usajili, ambao kwetu huanza na alama 9Q, na hati inayoonyesha kwamba inafaa kuruka. Nchi yetu pia imefungwa na Mkataba wa Chicago wa 1944 juu ya usafiri wa anga wa kimataifa. Katika Kiambatisho cha 8 cha mkataba huo, sehemu inayohusu ubunifu wa ndege ndogo inaanzia kwenye uzito wa zaidi ya kilo 750; ndege ya mbao ya kilo 450 iko chini ya mpaka huo, na kwa hiyo uamuzi juu yake unabaki kwa dola husika.

Ushauri wetu ni kuiandikia AAC kabla ya kukata ubao wa kwanza, ukiambatanisha mchoro wa pande tatu, makadirio ya uzito, aina ya injini na mahali pa ujenzi. Kupaa kimya kimya alfajiri kwenye barabara ya vumbi nje ya mji hakukubaliki, na sababu si sheria peke yake. Katika nchi ambayo upande wake wa mashariki umekaa vitani kwa miaka mingi, ndege isiyojulikana ni tishio machoni pa askari. Isitoshe, anayejificha hujinyima macho ya watu wengine, na macho hayo ndiyo kinga ya kwanza aliyonayo mjenzi.

Mbona Marekani mtu anaruka na ndege aliyoijenga gereji bila serikali kupima mabawa yake?

Kwa sababu huko serikali imechagua kudhibiti matumizi kuliko ubunifu. Aliyejenga sehemu kubwa ya ndege, zaidi ya nusu ya kazi, kwa kujifunza au kujiburudisha, anaweza kupewa cheti cha majaribio. Mkaguzi huangalia kazi na kumbukumbu zake, lakini hadai hesabu za nguvu za bawa. Masharti yanakuja baadaye: saa za majaribio katika eneo lililotengwa mbali na makazi, ambazo kwa kawaida ni 25 ikiwa injini na rafadha (propela) ni za aina iliyoidhinishwa pamoja, na 40 ikiwa si hivyo, hakuna abiria wa kulipa, neno la onyo linaandikwa ndani ili anayepanda asome mwenyewe kwamba ndege hiyo haikufikia viwango vya kawaida, na ukaguzi hufanywa kila mwaka. Chini zaidi kuna chombo cha kiti kimoja chenye uzito mtupu usiozidi pauni 254, takriban kilo 115, ambacho hakihitaji cheti chochote.

Uingereza ilishika njia nyingine. Chama cha wajenzi na wamiliki wa ndege ndogo, Light Aircraft Association, kimekabidhiwa kazi ya kuchunguza michoro na kutuma wakaguzi wakati ujenzi ukiendelea. Tangu 2014, hata hivyo, ndege za kiti kimoja zisizozidi kilo 300 zimeondolewa katika masharti ya kuthibitishwa ubunifu. Mantiki ni ile ile katika nchi zote mbili: kadiri hatari inavyobaki kwa yule aliyeichagua, ndivyo dola inavyorudi nyuma.

Basi nani anahitaji kanuni, ikiwa hatari ni yangu mwenyewe?

Aliye chini anazihitaji. Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya mizigo ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa Ndolo, Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita na kuua watu zaidi ya 200 waliokuwa wakiuza na kununua. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilipita mwisho wa uwanja wa Goma na kuingia mtaa wa Birere. Tarehe 24 Novemba 2019, mjini Goma tena, ndege ndogo ya abiria iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kupaa. Zote hizo ni ndege za biashara, wala si za kujitengenezea, na ndege ya kilo 450 haiwezi kuleta maafa ya kiasi hicho. Lakini zinatufundisha Wakongo jambo ambalo mjenzi wa jangwa la California anaweza kulisahau: mwisho wa uwanja wetu ndipo soko linapoanza.

Mtu ana haki ya kujitia katika hatari anayoifahamu. Hana haki ya kumwamulia mama anayeuza maboga. Kwa sababu hiyo tunakubali bila kusita kwamba njia ya kupaa, eneo la majaribio na idadi ya watu ndani ya ndege viwe mikononi mwa mamlaka, hata pale ambapo tungependa mchoro wa bawa ubaki mikononi mwa mbunifu.

Kuwapo kwa sheria hakutoshi, hata hivyo. Tangu 2006 mashirika ya ndege ya nchi yetu yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na sababu kuu ni upungufu wa usimamizi.

Je, mbunifu hodari anaweza kukosea pasipo yeye wala serikali kujua?

Ndiyo, na mfano mkubwa zaidi ni ndege ya Mfaransa Henri Mignet iliyoitwa Pou-du-Ciel, aina ya HM.14, iliyoruka mara ya kwanza 1933. Ilikuwa na bawa moja mbele na jingine nyuma yake, karibu karibu. Bawa la mbele lilikuwa likiinama lote kwa usukani. Mignet aliwaamini watu wa kawaida, nao wakamwamini. Ndege hiyo ikajengwa na watu wengi Ufaransa na Uingereza. Kisha, kati ya 1935 na 1936, zikaanza ajali za mfululizo: ndege inainamisha pua, haiinuki tena mpaka ardhini.

Jibu lilipatikana pale ndege nzima ilipowekwa katika handaki la upepo, yaani chumba cha kupulizia ndege hewa ili kuipima, Chalais-Meudon huko Ufaransa na Farnborough huko Uingereza. Rubani alipovuta usukani ili kuinua pua, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ulishuka na kukaribia bawa la nyuma. Hewa iliyopita katika upenyo huo ikaongeza nguvu ya bawa la nyuma, mkia ukanyanyuka, pua ikazidi kuzama. Pua ikiwa imeinama zaidi ya nyuzi kama 15, kitendo ambacho rubani yeyote angekifanya kwa silika ndicho kilichomuua.

Serikali ya Uingereza ilisitisha vibali, na ilifanya sawa. Lakini tafadhali angalia mpangilio wa mambo: kibali kilitolewa bila ujuzi, kikaondolewa bila ujuzi kamili, na ujuzi wenyewe ukaletwa na kipimo. Mignet alirekebisha mpangilio wa mabawa, na ndege za ukoo huo zinaruka mpaka leo.

Kuna mfano wa ndege iliyokuwa na cheti halali lakini hatari ikabaki wazi?

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alifariki katika ghuba ya Monterey, California, akiendesha Long-EZ, ndege iliyobuniwa na Burt Rutan na kujengwa na mtu mwingine. Mjenzi hakuweka valvu ya kuchagua tangi mahali pake katika mchoro. Aliiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani, bila alama. Ili kuigeuza akiwa angani, rubani alilazimika kujipinda mwili, na uchunguzi ulihitimisha kwamba katika kujipinda huko alilikanyaga kanyagio la kulia la usukani bila kukusudia. Aliondoka na mafuta kidogo, vipimo vya mafuta havikuwa na alama, na hakuwa ameizoea ndege hiyo.

Hakuna kilichovunjika. Cheti cha ndege kilikuwapo. Mtu mmoja tu angeketi ndani kwa dakika kumi karakanani, akafunga mkanda, akafumba macho na kuambiwa, "Injini imezimika, badilisha tangi," valvu ile ingeondolewa siku hiyo hiyo.

Zile namba 3.8 na 1.5 za kupimia nguvu ya mabawa zinatoka wapi, na je, naweza kuzipunguza ili ndege iwe nyepesi?

Namba 3.8 ni mzigo wa juu ambao ndege ya kawaida inatarajiwa kuukuta katika maisha yake, ikihesabiwa kwa uzito wake wenyewe. Namba 1.5 ni nyongeza juu ya mzigo huo. Ndege ya kilo 450 inapaswa kubeba kilo 1,710 bila kubaki imepinda, na kustahimili kilo 2,565 kwa angalau sekunde tatu bila kuvunjika. Kwa mifuko ya kilo 50 hiyo ni kama mifuko 51 iliyopangwa juu ya mabawa yaliyogeuzwa chini juu, kabla ya kupunguza sehemu inayotokana na uzito wa mabawa yenyewe. Jaribio hilo linaweza kufanywa katika ua wowote wa Kampemba.

Usipunguze. Sababu ni kwamba 1.5 si ziada ya bure: imekwisha kutengewa mizigo inayozidi makadirio na mashaka ya ubunifu na ujenzi. Kwa viungo vya chuma vinavyoshika bawa, kanuni za zamani za Part 23 ziliongeza 1.15 nyingine juu yake, kwa kuwa mkazo kwenye kiungo hautabiriki vizuri. Mahali hapa kanuni na uchambuzi vinasema neno moja, na anayedhani amegundua uzito wa bure atakuwa ameukata kutoka shingoni mwake.

Pale uchambuzi unapoitangulia kanuni ni kwenye mbao zetu. Majedwali mengi ya ndege yanazungumzia spruce ya Marekani, mti mwepesi wa jamii ya msonobari, nasi tuna miti ya miombo. Mukula ni mgumu na mzuri, lakini ni mzito, na hakuna jedwali la ndege linalokuhakikishia nguvu yake. Kwa hiyo pima mwenyewe. Kutoka ubao ule ule utakaotengeneza boriti kuu ya bawa, kata vijiti vya milimita 20 kwa 20, urefu wa 300. Weka kijiti juu ya nguzo mbili zilizoachana milimita 280 na uning'inize mzigo katikati, ukiongeza polepole mpaka kivunjike. Spruce kavu huvunjika karibu na kilo 135. Andika kila namba, kisha katika hesabu tumia ile ya chini kabisa, wala si wastani, kwa sababu bawa halitavunjika kwenye wastani. Angalia nyuzi za mti pia: mteremko wake usizidi 1 kwa 15. Na vijiti vingine uvipime tena masika, maana mbao iliyogundishwa Julai, hewa ikiwa kavu, itaruka Januari ikiwa imekunywa unyevu.

Uchambuzi wenyewe unafanywaje?

Wahandisi wa migodini wanaujua kwa jina la AMDEC. Wanautumia kwa pampu na mikanda ya kusafirisha mawe. Ni jedwali. Kila kipande kinapata mstari wake, na kwa kila kipande unaandika namna kinavyoweza kushindwa, chanzo, matokeo, ukali, na njia ya kukigundua kabla hakijashindwa. Kwa ndege ndogo, mistari 80 iliyofikiriwa ni bora kuliko 400 iliyonakiliwa.

Swali gumu ni uwezekano. Mamlaka ya Marekani, kwa ndege ndogo za injini moja ya pistoni, inalenga hitilafu ya kuua katika mifumo isizidi mara moja kwa saa milioni moja. Sisi hatuna takwimu za kuthibitisha namba kama hiyo kwa kebo iliyonunuliwa sokoni, na kuiandika ni kujidanganya. Kwa hiyo anza na ukali. Kila hitilafu moja inayoua peke yake iandike kwa wino mwekundu, kisha ama iondoe kwa mchoro mwingine, ama iwekee njia ya pili inayojitegemea kweli, ama ifanye ionekane katika ukaguzi wa kila asubuhi. Boriti kuu ya bawa haina pacha. Hiyo unailinda kwa jaribio la mifuko na kwa kidirisha cha kuichungulia.

Jedwali hilo lisibaki kwa aliyelitengeneza. Mbunifu anayejichambua mwenyewe hufikia jibu alilolitaka, hasa akiwa amekwisha kutumia akiba ya familia. Mpe mtu asiyekupenda sana, mwenye ujuzi, na umwombe atafute mstari unaokosekana.

Naweza kutumia injini ya gari au ya pikipiki?

Unaweza, ukikubali kwamba itazimika. Injini yenyewe kwa kawaida ni imara. Vinavyoshindwa ni vile ulivyoviongeza: kipunguza mwendo, upoozaji, waya na mabomba ya mafuta. Panga ndege yako ili kuzimika kwa injini kuwe usumbufu: mwendo mdogo wa kutua, na njia ya kupaa ambayo mbele yake kuna shamba.

Kwa nini mnasisitiza kimo cha Lubumbashi?

Kwa sababu mchoro ulionunuliwa Ulaya ulichorwa kwa hewa ya pwani. Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Alasiri ya Oktoba, joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyembamba kama ya mita 2,150, na injini ya nguvu-farasi 100 isiyo na turbo inabakiwa na takriban 78. Rafadha na bawa navyo vinashika hewa kidogo zaidi. Cheti hakibadiliki kwa joto, lakini urefu wa kukimbia kabla ya kupaa unabadilika sana, kwa hiyo fanya hesabu ya Oktoba saa tisa alasiri, wala si ya Juni asubuhi.

Naweza kumpandisha rafiki?

Si katika saa za majaribio, hata akikuomba, hata kama ndiye aliyelipia injini.

Ndege imekamilika na karatasi zipo. Nifanye nini kabla ya kupaa mara ya kwanza?

Utafiti wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, uliotolewa 2012, ulionyesha kwamba ndege za kujitengenezea zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege za kiraia zisizo za mashirika, lakini mwaka 2011 zilihusika na asilimia 15 ya ajali na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Ajali nyingi zilitokea mapema katika maisha ya ndege, au mara tu baada ya kununuliwa na mtu wa pili. Kuzimika kwa injini na kupoteza udhibiti ndivyo vilivyoongoza. Kwa hiyo anayepaa awe ameruka hivi karibuni katika ndege inayofanana nayo, na kama wewe mjenzi si huyo, mwachie mwingine kiti.

Kisha pima mtiririko wa mafuta. Inua pua mpaka pembe ya kupaa, weka mafuta machache tangini, fungua bomba kwenye kabureta na uyakinge katika chombo chenye alama huku mwenzako akishika saa. Tangi likilisha kwa mteremko bila pampu, mtiririko uwe angalau mara moja na nusu ya matumizi ya injini wakati wa kupaa. Injini inayokunywa lita 27 kwa saa inahitaji lita 40.5, yaani zaidi kidogo ya theluthi mbili ya lita kwa kila dakika. Ukipata nusu lita, ndege inarudi karakanani, hata kama wageni wamekwisha kufika uwanjani.